Uvimbe Upi? Uhakiki wa Karatasi Moja ya Wagonjwa

Miongoni mwa maandishi yanayotufikia ili tuyatolee maoni, karatasi za maelezo ya wagonjwa ndizo zinazopewa uzito mdogo kabisa. Sheria, miongozo ya wizara na vitabu vya shule hupitia mikono mingi kabla ya kupigwa chapa. Karatasi ya hospitali hutafsiriwa na mtu mmoja, aghalabu usiku baada ya kazi nyingine, na husomwa na watu ambao hawana nafasi ya kuuliza mara ya pili. Katika uhakiki huu twaitazama karatasi moja ya namna hiyo, yenye kurasa nne, inayoeleza matibabu ya dawa kwa uvimbe uliomo katika ugwe mgongo ambao madaktari wapasuaji hawawezi kuuondoa. Hatutamtaja aliyeitoa wala aliyeitafsiri. Makosa yaliyomo si yake peke yake. Mengine, kama itakavyoonekana, ni yetu sisi tunaoshughulika na istilahi.

Nakala tuliyonayo tuliikuta Ngokolo, katika Manispaa ya Shinyanga, nyumbani kwa mwalimu mstaafu ambaye mjukuu wake alikuwa ametoka nayo hospitali. Mwalimu huyu aliisoma kama alivyozoea kusoma madaftari ya wanafunzi, kwa kalamu ya risasi mkononi. Kila palipoandikwa uvimbe alipazungushia mstari, na mizunguko hiyo ni 23. Pembeni mwa ukurasa wa pili aliandika maneno mawili tu: "Uvimbe upi?" Tumeliazima swali hilo liwe kichwa cha makala, kwa kuwa hatukupata lililo bora zaidi.

Kwanza hatuna budi kulieleza jambo lenyewe. Ugwe mgongo ni kamba laini ya neva inayoshuka kutoka katika ubongo na kupita ndani ya tundu la pingili za uti wa mgongo. Kwa mtu mzima urefu wake ni kiasi cha sentimita 45, na unene wake haupiti sana ule wa kidole cha mwisho. Amri za kutembea, na habari za maumivu, joto na baridi kutoka kiwiliwilini na miguuni, zote hupita humo. Uvimbe waweza kuota mahali patatu: ndani ya ugwe wenyewe, nje ya ugwe lakini ndani ya utando mgumu unaoufunika, au nje ya utando huo, kati yake na mfupa. Mahali hapo ndipo panapoamua mengi. Aina moja iotayo ndani ya ugwe, ependimoma, mara nyingi huwa na mpaka unaoonekana, na mpasuaji hodari huweza kuufuata mpaka huo na kuutoa uvimbe. Aina nyingine, astrositoma, aghalabu haina mpaka: seli zake zimejipenyeza katikati ya nyuzi za neva kama maji katika mchanga, na kuzitoa zote ni kuutoa ugwe wenyewe. Hapo kisu hufika mwisho wa kazi yake, zikabaki mionzi na dawa.

Karatasi yetu yasema kwamba uvimbe wa namna hiyo "hautibiki kwa upasuaji". Kitenzi kutibu maana yake ni kumfanyia mgonjwa matibabu; lakini kikishanyambuliwa kuwa kutibika, hubeba maana ya kupona. Ugonjwa usiotibika, kwa msemaji yeyote wa Kiswahili, ni ugonjwa usio na matumaini. Mtafsiri alitaka kusema kwamba uvimbe hauwezi kuondolewa kwa kisu. Alichosema ni kwamba hautibiki, kisha akaongeza maneno mawili ya kupunguza makali, na sikio la mwenye mgonjwa halikuyafikia maneno hayo mawili. Tuliambiwa kwamba bibi wa kijana alisomewa sentensi hiyo mara moja tu, akaanza siku hiyohiyo kuulizia bugota, neno la Kisukuma ambalo ni pana kuliko dawa ya hospitali. Palifaa paandikwe: uvimbe usioondoleka kwa upasuaji. Sentensi ifuatayo ingesema waziwazi kwamba matibabu mengine yapo.

Ajabu ni kwamba ukurasa wa tatu wazungumzia yatakayofanyika "baada ya upasuaji wako". Upasuaji gani tena? Kumbe pana operesheni ndogo ya kuchukua kipande cha uvimbe ili kichunguzwe kwa hadubini, maana bila kujua aina ya seli daktari hawezi kuchagua dawa. Wauguzi wetu wana maneno yao kwa kazi hiyo: kuchukua kinyama. Mtafsiri angewasikiliza hao, asingemchanganya mtu.

Tuingie katika uti wa mgongo. Karatasi hailitumii neno ugwe mgongo hata mara moja, ingawa neno hilo laonekana katika maandishi ya elimu ya viumbe. Yenyewe yasema "uvimbe wa uti wa mgongo" tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa, uti wa mgongo ni mfupa. Katika mkoa wa Shinyanga na ukanda mzima wa dhahabu hadi Geita, mtu aliyeumia uti wa mgongo ni mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi duarani, na kila mtu anajua kwamba mfupa hufungwa, hunyooshwa, au huachwa ujiunge. Si hivyo tu. Lugha yetu imekwisha kulitoa jina hilo kwa maradhi mengine kabisa: homa ya uti wa mgongo, ambayo si homa ya mfupa wala ya ugwe, bali ni ugonjwa wa tando zinazofunika ubongo na ugwe, na baadhi ya aina zake huambukiza. Mwalimu alitueleza kwamba jirani mmoja aliacha kuwaruhusu watoto wake kuingia katika ua wao. Alikuwa amesikia uti wa mgongo, naye akafanya kile ambacho matangazo ya afya yamemfundisha kufanya. Jirani huyo hana kosa. Kosa ni la jina moja lililobebeshwa mzigo wa mfupa, wa neva na wa homa, na sisi katika orodha zetu tumeuacha mzigo huo ukae hapo kwa miaka mingi.

Lakini mizunguko 23 ya kalamu ya risasi haikuwekwa kwenye uti wa mgongo. Iliwekwa kwenye uvimbe, na hapa ndipo karatasi hii ilipoleta madhara.

Kijana alipewa, pamoja na mambo mengine, vidonge vya deksamethasoni. Kazi ya dawa hiyo katika maradhi haya ni kuondoa maji yanayojikusanya katika nyama za ugwe kandokando ya uvimbe. Tundu la mfupa ni jembamba wala halitanuki. Maji yakizidi, ugwe hubanwa, na miguu huisha nguvu. Dawa ikiyapunguza maji, mbano hulegea, na mgonjwa huweza kusimama tena baada ya siku chache. Uvimbe wenyewe, yaani lile kundi la seli, haujaguswa. Hebu sasa tusome karatasi: "Dawa hii hupunguza uvimbe ndani ya siku mbili au tatu. Uvimbe ukipungua, dozi itapunguzwa kidogo kidogo." Ukurasa uliotangulia ulisema: "Una uvimbe katika uti wa mgongo." Ni msomaji gani angefahamu kwamba uvimbe wa ukurasa wa pili si ule wa ukurasa wa kwanza?

Siku ya nne kijana alitembea hadi sokoni na kurudi. Nyumba nzima ikaamini kwamba uvimbe umekwisha, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Nauli ya kwenda kliniki, iliyokuwa imechangwa, ikatumika kwa haja nyingine. Vidonge vilipokwisha havikununuliwa tena. Ieleweke kwamba dawa ya jamii hiyo ikitumika kwa majuma mengi haiachwi ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huwa zimeacha kutengeneza homoni yake, na mwili hubaki mikono mitupu. Karatasi ilikuwa na onyo hilo, tena kwa herufi nene. Lakini onyo lilisema dozi ipunguzwe uvimbe ukipungua. Na wao waliona umepungua hata umekwisha. Waliitii karatasi. Miguu ilirudi kuisha nguvu kabla ya mwezi kupita, na safari hii haikurudishiwa nguvu yote.

"Mimi nimefundisha ufahamu miaka 31," mwalimu alituambia. "Wanangu, swali hili ningelishindwa hata mimi."

Jambo lenyewe lina utata zaidi ya hapo, na yafaa mtafsiri aujue. Zipo saratani ambazo dawa za jamii ya deksamethasoni hupunguza maji na uvimbe wenyewe kwa pamoja. Limfoma ni mojawapo, na limfoma si ngeni katika sehemu hizi za Afrika. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto, ambao baadaye ulipewa jina lake. Kwa baadhi ya watoto uvimbe huo hujitokeza katika tundu la uti wa mgongo, ukaubana ugwe na kupoozesha miguu. Burkitt, ingawa alikuwa mpasuaji, aliona kwamba kisu hakiufai ugonjwa huo, akageukia dawa. Mwaka 1967 kilianzishwa Kampala kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda, na humo siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati zilitumika kwa watoto wa ukanda huu. Kwa hiyo anayedhani kwamba kuutibu kwa dawa uvimbe unaoubana ugwe ni jambo la mbali amekosea. Sehemu ya elimu hiyo ilikuzwa kando ya ziwa hilihili letu.

Twapendekeza basi kwamba neno uvimbe libakie kwa lile kundi la seli, kwa kuwa hospitali zote zimelizoea, na kwamba yale maji yapewe jina lake. Kitenzi kufura kipo, na kila mtu anakijua: uso umefura, miguu imefura. Kutokana nacho twaweza kupata mfuro. Sentensi ya karatasi ingekuwa: "Dawa hii hupunguza mfuro, yaani maji yaliyojaa kando ya uvimbe. Haiondoi uvimbe. Hata ukipata nafuu, endelea nayo kama ulivyoelekezwa, na rudi kliniki siku uliyopangiwa." Ni ndefu kuliko ile ya awali, nasi hatuoni ubaya wa urefu huo.

Tukifika kwenye dawa za saratani zenyewe, karatasi yaziita "matibabu ya kemikali". Huko Dar es Salaam maneno hayo huenda yakapita bila kuumiza mtu. Katika ukanda wa dhahabu, kemikali ni zebaki ambayo mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga kwa mkono, na ni sayanaidi ya mitambo ya kuchenjulia. Watu wameonywa kwa miaka mingi, na kwa haki kabisa, kwamba kemikali zaua. Kisha mgonjwa atoka katika mazingira hayohayo aambiwe kwamba atatiwa kemikali mshipani! Twakubali kwamba tibakemikali ni istilahi halali kwa vitabu vya wataalamu. Kwa mgonjwa twaona yatosha kusema dawa za saratani, kisha ielezwe kwamba ni dawa kali zinazoua seli zinazozaliana kwa haraka, na kwamba kutapika, kunyonyoka nywele na kupungua kwa chembe za damu hutokana na ukali huo. Vinkristini, kwa mfano, asili yake ni mmea wa Madagaska ambao hupandwa kama ua la mapambo katika nyua nyingi za Afrika Mashariki. Kaboplatini, ambayo kwa watoto wenye uvimbe wa neva unaokua polepole huambatanishwa na vinkristini, ni kemikali hasa. Lakini mzazi hapati faida yoyote kwa kuambiwa hivyo.

Hapa tukumbuke kidogo mwaka 2017. Serikali ilipozuia mchanga wa madini kusafirishwa nje, neno makinikia, ambalo kabla ya hapo lilijulikana kwa wachache, lilitoka katika habari za migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi mkoani Shinyanga likafika katika kila kijiwe cha nchi kwa muda wa miezi michache. Hapakuwa na semina wala orodha. Tunaolalamika kwamba istilahi za kitaalamu hazishiki tujiulize kwa nini ile ilishika. Labda ni kwa kuwa ilisemwa kila siku na watu waliokuwa na haja nayo. Wenye haja na mfuro na ugwe mgongo ni wachache, tena wamelala wodini.

Ukurasa wa tatu wa karatasi wataja dawa mpya zaidi, na twampongeza mtafsiri kwa kuthubutu. Temozolomidi, ambayo humezwa, imeelezwa vizuri, ila hakusema kwamba ushahidi wake mkubwa, ule wa mwaka 2005, ulitokana na uvimbe wa ubongo na si wa ugwe mgongo. Uvimbe wa ndani ya ugwe ni nadra, na madaktari hulazimika kuazima maarifa kutoka kwenye ubongo. Bevasizumabu ni kingamwili inayouzuia uvimbe usijitengenezee njia za kupatia damu. Hapo karatasi imeandika: "huzuia mishipa isikue". Mishipa ipi? Kiswahili chatumia neno mshipa kwa njia ya damu, kwa neva, kwa kano na hata kwa ngiri. Mtu aliyepooza miguu, ambaye ameambiwa kwamba mishipa yake ya fahamu imebanwa, asoma kwamba dawa itazuia mishipa isikue, naye aikubali? Hapa hapahitaji istilahi mpya. Pahitaji tu kuandika mishipa ya damu kila mara, pasipo kuona uvivu, na kuiachia neva kazi yake.

Dawa za aina hiyo karatasi yaziita "tiba lengwa". Neno hili limeanza kuenea, nasi twalipinga kwa hoja ya sarufi. Kiambishi -w- ni cha kutendwa. Kilichotupiwa shabaha ndicho kilengwa. Dawa ndiyo inayolenga. Seli ni lengwa, dawa ni lengaji. Tukisema tiba lengwa tumeigeuza bunduki kuwa ndege. Kwa hiyo tiba lengaji ndiyo iliyo sahihi. Belzutifani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa aina fulani za uvimbe, ule wa mishipa ya damu ya ubongo na ugwe ukiwamo, kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa von Hippel-Lindau wasiohitaji upasuaji wa mara moja, ni mfano mzuri wa tiba lengaji. Hatudhani kwamba mgonjwa wa Ngokolo ataikuta kwa urahisi. Hata hivyo neno na liwe tayari.

Jambo moja tumelichelewesha kwa makusudi. Karatasi yasema, "Utapewa sindano za uti wa mgongo kila wiki," na dawa inayokusudiwa ni vinkristini. Kiunganishi -a katika Kiswahili ni mtumishi wa kazi zote. Sindano ya homa ni ya kutibu homa. Sindano ya mshipa ni ya kuchomwa mshipani. Sindano ya uti wa mgongo ni ipi kati ya hizo? Katika wodi zetu maneno hayo yana maana moja iliyozoeleka: sindano inayoingizwa kiunoni, katikati ya pingili, hadi penye maji yanayouzunguka ugwe. Methotreksati huweza kupewa kwa njia hiyo. Vinkristini kamwe haipewi hivyo. Ikiingia katika maji hayo huuharibu ugwe na ubongo, na karibu kila mara mgonjwa hufa. Ajali hizo zimetokea katika nchi zenye hospitali kubwa na wataalamu wengi, hata Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari mwaka 2007 na kuagiza kwamba dawa hiyo itiwe katika mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, ili isiwezekane kuchanganywa. Wenzetu wamebadili hata chombo kwa kuogopa kosa. Sisi twaacha herufi moja iamue.

Hatusemi kwamba muuguzi atafuata karatasi ya mgonjwa badala ya cheti cha daktari. Twasema kwamba mgonjwa na ndugu zake ni walinzi wa mwisho, na kwamba karatasi hii imewafundisha kutarajia sindano ya kiunoni. Mtafsiri aandike: "Vinkristini hupewa kwa kutiwa katika mshipa wa damu tu." Neno tu lisiachwe. Na majina ya dawa, ambayo hapa tumeyaandika kwa tahajia ya Kiswahili kwa kuwa haya ni majadiliano ya lugha, katika karatasi ya mgonjwa yaandikwe kama yalivyo kwenye boksi, apate kuyalinganisha.

Yapo mengine madogo. "Uvimbe mwema", kwa uvimbe usio saratani, ni kichekesho kikavu. Uvimbe uliopooza miguu ya mtu hauna wema wowote, na uvimbe usio saratani yatosha. "Ugonjwa umetulia" kwa uvimbe ambao haukui wala haupungui yamfanya msomaji afikiri kwamba maumivu yamekwisha. Uvimbe umesimama ni afadhali. Kwa uvimbe unaopungua kwa dawa bila kutoweka tunalo neno ahueni, nasi hatujui kwa nini halitumiki.

Tusimdhulumu mtafsiri. Ukurasa wa nne una sentensi ambayo hatukuiona katika matini ya asili, naye bila shaka aliitunga mwenyewe: "Mkojo ukiziba, au miguu ikiisha nguvu ghafla, usingoje siku ya kliniki, njoo hata usiku." Hakuna istilahi hata moja ndani yake. Mwalimu aliipigia alama ya vema.

Mapendekezo yetu tulimsomea yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Ugwe mgongo alilikubali. Tiba lengaji alilicheka, kisha akalikubali. Mfuro alilikataa. Alisema kwamba kwa watu wa Ngokolo kufura ni kukasirika, na kwamba mgonjwa ataulizwa ni nani aliyemuudhi mgongo wake. Yeye angesema maji tu, maji ya kando ya uvimbe, basi. Twakiri kwamba hoja yake ina nguvu. Wasomaji, hasa watafsiri walioko hospitalini na walimu wa elimu ya viumbe, wanaombwa watuandikie juu ya neno hili kabla halijapelekwa katika kamati.